Mama Mistari na Kalamu ya Kuazima

Mama Mistari hakuwa mwanasheria wala karani, na kwa maneno ya shangazi yake hakuwa hata mke wa mtu kwa muda wa kutosha kuhesabiwa. Alikuwa mjaza fomu. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa anakaa kwenye veranda ya ofisi ya ardhi, kati ya choo kilichofungwa kwa matengenezo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona na friza ya muuza soda, akiwajazia watu fomu walizokuja nazo mfukoni zimelowa jasho kama leso.

Ofisi za namna ile zinafanana popote uendapo. Ukuta umepakwa rangi mbili, ya chini ikiwa nyeusi kidogo ili isioneshe migongo ya waliosubiri. Kuna saa isiyotembea, tangazo linalokataza tangazo, na fomu iliyotungwa na mtu asiyewahi kukutana na binadamu. Watu wazima wenye akili zao wakiishika fomu hiyo hugeuka watoto. Mmoja aliandika tarehe ya kuzaliwa mahali pa tarehe ya leo, akawa amefungua jalada kabla baba yake hajaoa. Mwingine, kwenye hali ya ndoa, alisisitiza iandikwe "si nzuri sana", na Mama Mistari akalazimika kumweleza kwamba ofisi haikuwa na msaada wa kumpa.

Jina lake lilitokana na mistari. Akimaliza kujaza, hakuinua kalamu. Kila palipobaki peupe alipiga mstari: baada ya neno la mwisho hadi ukingoni, chini ya aya hadi mwisho wa ukurasa, hata katikati ya jina la kwanza na la pili kama nafasi ilimtia shaka. Nakala ya kitambulisho aliikata kwa mshazari na kuandika juu yake ni ya kazi gani na ya siku gani, ili isije ikatembea kwenda kufanya kazi nyingine. Halafu alimsomea mteja fomu nzima kwa sauti, neno kwa neno, hata kama mteja alikuwa mwalimu mstaafu. Ndipo sahihi. Ndipo muhuri wake wa mpira, wino wa zambarau, wenye jina lake na maneno "MJAZA FOMU".

"Mama, mbona unanichafulia karatasi," watu walilalamika.

"Karatasi safi ndiyo hatari," alijibu. "Mahali peupe pana adabu mbaya. Mtu yeyote akipita, panamwita aandike."

Hakuyasoma hayo chuoni. Akiwa na miaka ishirini na mbili, mpiga chapa katika kampuni ya kuuza magodoro, bosi alimwekea karatasi tupu mezani akamwambia, "Weka sahihi hapo chini, mengine tutajaza baadaye, ni mambo ya bima." Aliweka. Wiki mbili baadaye alisoma kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, hadai chochote, na anaushukuru uongozi kwa malezi mema. Kufukuzwa angeweza kusamehe. Kilichomkaa rohoni mpaka leo ni zile shukrani.

Mtu pekee aliyemchukia kwa sababu ya mistari alikuwa karani wa dirisha namba nne, mwanaume mwembamba mwenye sweta majira yote. Mwaka wa kwanza, kwa bidii tu, Mama Mistari alipiga mstari hata ndani ya kile kisanduku kilichoandikwa "Kwa matumizi ya ofisi tu". Karani alitoka nje na fomu mkononi.

"Hapa ni pangu," alisema, akionesha kisanduku kama mtu aliyeporwa kiwanja.

"Palikuwa peupe."

"Palikuwa peupe kwa sababu ni pangu."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana ila kwa kukohoa.

Sasa, shangazi yake. Huyu alikuwa dada mdogo wa baba, ana miaka sabini na minne, mjane, mkali, anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga na mumewe tofali kwa tofali. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kila kitu alichonacho, ukiondoa ulimi. Alitaka kupangisha chumba cha mbele. Dalali akajitokeza siku mbili tu baada ya yeye kumwambia jirani, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ajiulize, lakini dalali mwenyewe alikuwa mtanashati mno kiasi kwamba maswali yalijisikia aibu. Viatu vinang'aa, shati limenyooshwa hadi kwenye kola ya ndani, manukato ya kumtangulia mlangoni. Shangazi alimwita Mtanashati kwa kejeli, naye akalipokea jina kwa furaha.

Jumapili mchana Shangazi alimwita mpwa wake aje kukagua makubaliano. "Njoo uone karatasi za huyu kijana," alisema kwenye simu. "Ana tabasamu kama la daktari wa meno."

Mama Mistari alikwenda na nguo ya kutembelea, mkoba mdogo, muhuri wake ambao hakuuacha popote, na bila kalamu. Kalamu zake tatu zilikuwa kazini, zimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi, kwa sababu wateja ni waaminifu kwa kila kitu isipokuwa kalamu.

Fomu ilikuwa ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi: Makubaliano Kuhusu Nyumba, na chini yake aina ya makubaliano, sehemu inayohusika, muda, masharti, na mwishoni kisanduku cha ofisi. Zilikuwa mbili, asili na nakala. Mama Mistari aliziangalia mbele na nyuma, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa tupu kabisa.

"Nani anajaza?" aliuliza, sauti yake ikiwa tayari kwa vita.

"Wewe, Mama," alisema Mtanashati. "Mimi mwandiko wangu kama kuku aliyefukuzwa. Nimesikia habari zako. Nitathubutu vipi kushika kalamu mbele yako?"

Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, na ilitembea juu ya karatasi bila kukwaruza, bila kudondosha, kama vile ilikuwa inajua maneno kabla yeye hajayafikiria. Mama Mistari alipenda kalamu jinsi watu wengine wanavyopenda viatu. Aliandika: kupangisha. Aliandika: chumba kimoja cha mbele. Miezi kumi na miwili. Aliandika masharti yote, hata la kutokaanga samaki mlango ukiwa wazi, maana Shangazi alilitaka. Kisha akasita, akamtazama Mtanashati.

"Piga mistari yako, Mama," alisema yule kijana kwa upole. "Tena usiache hata palipo padogo."

Alipiga. Alipiga kwa raha, mistari mirefu iliyonyooka, na mmoja mkubwa wa mshazari chini ya masharti. Akasoma yote kwa sauti. Shangazi hakuwahi kuzoea sahihi. Alichovya kidole gumba kwenye kisahani cha wino ambacho Mtanashati alikuwa nacho, kwa bahati nzuri, akakibandika kwenye fomu zote mbili. Mama Mistari akagonga muhuri wake mahali pa shahidi. Mtanashati akachukua fomu ya asili, nakala ikabaki, akaaga kwa kuinama kidogo.

"Umeona?" Mama Mistari alimwambia shangazi yake. "Hivyo ndivyo makubaliano hufanywa."

"Kalamu yake umeirudisha?"

"Nimerudisha."

"Nilidhani umeolewa nayo," alisema Shangazi.

Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Shangazi alionekana akikata foleni ya veranda na ile nakala ya fomu kwapani. Watu walimpisha, uso wake ulikuwa wa kupishwa. Aliiweka mezani.

"Mwanangu, mistari yako ina ugonjwa."

Katikati ya karatasi palikuwa na duara jeupe, ukubwa wa kitako cha sufuria. Ndani ya duara hapakuwa na neno wala mstari. Kupangisha haikuwepo. Miezi kumi na miwili ilianzia "mi" na kuishia hapo. Lakini alama ya kidole gumba, iliyogusa ukingo wa duara, ilikuwa nzima, na muhuri wa zambarau pia.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimetua sufuria ya maharagwe. Wewe ulisema niiweke mahali nitakapoiona."

Mama Mistari aliivuta nakala karibu. Alichukua kikombe chake cha chai, kilichokuwa bado kinatoa moshi, akakiweka juu ya neno "chumba". Akahesabu hadi ishirini, akakiinua. Chumba hakikuwepo. Karatasi nyingine, ile ya asili, ilikuwa na Mtanashati, na Mtanashati bila shaka alikuwa na pasi ya kunyooshea mashati. Pasi mara moja tu, na fomu ile ingekuwa tupu kama ilivyotoka dukani, ila ina kidole cha Shangazi na muhuri wa mtu anayeaminika veranda nzima. Angeandika humo neno lolote. Angeandika kuuza. Angeandika nyumba nzima.

Na mistari aliipiga mwenyewe. Kwa raha.

"Nimekuponza, Shangazi," alisema, na akamweleza.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakiangalia kidole gumba chake, akakipangusa kwenye gauni ingawa kilikuwa kisafi.

"Ile nyumba," alisema, "mume wangu alipandisha bati la mwisho akiwa na homa. Nilimshikia ngazi." Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Sasa usikae hapo kama umetua sufuria na wewe. Fanya kitu."

Muuza soda, aliyekuwa amesikia yote kwa sababu kazi yake halisi ilikuwa kusikia, aliinamisha kichwa juu ya friza.

"Hiyo ni kalamu ya kufutika kwa joto," alisema. "Watoto wa shule wanazo. Binti yangu aliniambia amefanya hesabu zote, akasahau daftari juani, zikafutika. Mwalimu wake mjanja akaniambia, baba, weka daftari kwenye friza, wino ukiganda unarudi."

"Ukarudi?"

"Nilililaza siku nzima. Haikurudi hata namba moja. Hakuwa ameandika kitu, yule mtoto. Lakini jina lake kwenye jalada lilirudi vizuri sana."

Mama Mistari alimpa nakala yenye duara. Muuza soda aliilaza chini kabisa, juu ya barafu, kati ya chupa za maji yaliyoganda, akafunga kifuniko na kukikalia, kana kwamba maneno yangeweza kutoroka. Walisubiri. Mteja aliyetaka soda aliambiwa asubiri naye. Friza ilipofunguliwa, karatasi ilikuwa ngumu kama bati na ndani ya duara, hafifu lakini dhahiri, palikuwa na mwandiko wake: kupangisha, chumba kimoja cha mbele, na mistari yote, kila mmoja mahali pake.

Mama Mistari alisimama. Sasa ilibaki fomu ya asili, na kama Mtanashati alikuwa amekwisha kuileta, ingekuwa dirisha namba nne.

Karani alikuwa ameinamia jalada. Mama Mistari, Shangazi akiwa nyuma yake, alikohoa. Karani alikohoa.

"Kaka," alisema Mama Mistari, neno lililomkwama kooni kama mfupa, "nina shida."

"Najua," alisema karani. Akavuta droo, akatoa fomu. "Imekuja jana mchana. Mauzo ya nyumba nzima, vyumba vitatu. Ina muhuri wako. Haina hata mstari mmoja." Aliiweka kwenye kaunta akaigeuza imwelekee. "Miaka kumi na tisa unanichafulia fomu. Mpaka usiku naota mistari. Halafu inakuja hii, imetulia, peupe huku na huku kama shuka la hoteli. Nikajiambia, ama huyu mama amekufa, ama kuna mtu ana muhuri wake. Nikaiweka droo ya chini. Nilitaka kuja kuuliza kama uko hai, lakini nilikuona asubuhi unagombana na mtu juu ya tarehe, nikajua uko hai."

"Basi ikatae."

"Siwezi." Na hapa karani, kwa mara ya kwanza, hakuonekana kufurahia kumnyima mtu kitu. "Hakuna kanuni inayotaka mistari. Kidole ni cha Bi Mkubwa hapo?"

"Ni changu," alisema Shangazi. "Na nakitaka."

"Muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Mwenye fomu anarudi saa nane. Nikikosa sababu ya kuandika, nitalazimika kuipitisha. Nipeni sababu."

Mama Mistari alimpa nakala, bado baridi, maji yakichuruzika pembeni. Alimweleza kuhusu pasi, chai, maharagwe na binti asiyefanya hesabu. Karani aliisoma, akaigusa kwa kidole, akatazama dari. Nyaraka za ofisi hazikuruhusiwa kutoka nje ya dirisha bila ofisa. Ofisa alikuwa yeye. Alivua sweta, jambo ambalo wafanyakazi wenzake walilizungumzia kwa mwezi mzima, akaifunika nayo fomu isipigwe na jua, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Foleni nzima ikaacha zamu zake ikamfuata. Hakuna kitu kinachowaunganisha watu wa foleni kama kuona karani anatembea.

Fomu iliingia kwenye friza. Karani alisimama pembeni mikono nyuma kama mtu kwenye mazishi ya bosi. Muuza soda akakalia kifuniko.

"Dakika ngapi?" aliuliza mtu.

"Mpaka niseme," alisema Shangazi.

Saa saba na dakika arobaini, wakiwa bado wamezunguka friza, Mtanashati alipanda ngazi za veranda. Manukato yalimtangulia, kama kawaida. Aliwaona watu, akamwona Shangazi, na hakupoteza hatua hata moja.

"Shangazi yangu," alisema. "Umekuja mwenyewe? Si ungenipigia nikuletee gari."

"Mimi si shangazi yako. Shangazi yako nadhani amekukana."

"Kuna tatizo, Karani? Fomu yangu ni halali. Mama huyu hapa alijaza kwa mkono wake."

"Nilijaza," alisema Mama Mistari. "Ndiyo tunangoja kuona nilijaza nini."

Muuza soda alishuka. Karani, na si mwingine, aliingiza mkono akaitoa karatasi. Juu yake palikuwa na wino mweusi wa Mtanashati, umeandika kuuza, nyumba yote, daima. Na chini ya wino huo, ikiibuka kijivu kama watu wanaotoka kwenye ukungu, ilikuwepo mistari. Mstari baada ya neno la mwisho. Mstari hadi ukingoni. Ule mkubwa wa mshazari ulipita katikati ya neno "daima" na kulikata vipande viwili. Mtu wa nyuma kabisa, ambaye hakuona kitu, aliuliza kuna nini, na mwenzake akamwambia, "Samaki. Hakuna kukaanga samaki mlango ukiwa wazi. Imeandikwa hapa."

Karani aliisoma yote, kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika kwenye kisanduku cha "Kwa matumizi ya ofisi tu" alikuta pia kimstari, kidogo, cha kijivu. Alimtazama Mama Mistari. Mama Mistari aliangalia choo.

"Ulikuwa nyumbani kwa shangazi yako," alisema karani. "Siku ya Jumapili."

"Mazoea, kaka."

Mtanashati alisema anakwenda kupokea simu. Mlinzi wa geti, aliyekuwa amelala tangu saa tatu, aliamshwa na vicheko kwa wakati mzuri kabisa, na kwa kuwa hakujua nani anakimbia wala kwa nini, alimshika wa kwanza aliyemfikia.

Alasiri walikaa kituo cha polisi, Shangazi na mpwa wake, kwenye benchi lililochakaa. Fomu ilikuwa ndani ya chombo cha kubebea aiskrimu alichowaazima muuza soda, na karani alikuwa ameandikisha chombo hicho kwenye daftari la nyaraka. Mama Mistari alikuwa ameikata kamba mezani. Kalamu yake sasa ilining'inia shingoni.

"Mkono wangu ndio ulioandika," alisema, akiutazama mkono wake.

"Na mkono wako ndio ulioonekana kwenye barafu," alisema Shangazi. "Usinilie hapa. Utalowesha kielelezo."

Askari wa zamu, kijana mwenye usingizi na kola iliyolegea, alimaliza kuuliza maswali. Aliandika mistari minne katika karatasi yenye nafasi ya thelathini, akaigeuza upande wao, akaweka kalamu yake juu.

"Weka sahihi hapo chini, Mama. Hayo mengine tutajaza baadaye."

Mama Mistari alimtazama Shangazi. Shangazi alivuta benchi karibu na meza, akaweka mkoba mapajani na kujitengeneza vizuri.

"Mwanangu," alimwambia askari, "kama una chai kwenye chupa, mimina kikombe kimoja cha moto. Si cha kunywa. Halafu kaa kitako, maana tutachelewa kidogo."